Puto na Uji wa Pilipili Manga

Mama yangu alifariki akiamini kwamba niliwahi kubeba mimba. Sikuwahi. Nilichobeba mimi ni puto, mpira laini uliojazwa maji, ukakaa tumboni mwangu miezi sita, kisha ukatolewa kwa njia ileile uliyoingilia, mdomoni. Kisa kilichopita kati ya puto lile na imani ya mama nimejisimulia mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara kinanishinda. Leo nakiandika kama kilivyo.

Nianze na mwili, maana ndio uliotufikisha huko. Mimi ni mnene. Nilianza kunenepa nilipoacha mchakamchaka wa shule, na nilipoolewa na kuhamia Tumbi, Kibaha, nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa, unene ukaniganda. Vijana wa bodaboda pale stendi wananiita Bonge. Nami huwajibu kwamba tatizo si mimi, pikipiki zao ndizo zenye utapiamlo. Nina mdomo, sikatai. Lakini nikifika nyumbani nikavua viatu na kuona miguu ilivyovimba, mdomo wote huo unakwisha.

Kwa mama, Kibuta, kwenye mihogo na mikorosho ya Kisarawe, unene wangu ulikuwa sifa. Nikishuka tu, majirani wanamwambia, "Mwanao huko aliko anatunzwa," naye anaitikia kwa madaha, utadhani kilo zile kanipimia yeye kwa kibaba. Kwake yeye mwanamke aliyekonda ana mawili: ama ana mume mbaya, ama ana maradhi yasiyotajwa. Kila nilipomwambia nataka kupungua, alinijazia sahani.

Mwili huohuo ndio ulioninyima mtoto. Tulikaa kwenye ndoa miaka mingi, siku zangu zikawa zinakuja zinapotaka, mara zinapotea miezi kadhaa, mimi nahesabu na kutumaini, kisha zinarudi na kunicheka. Presha ikaanza, magoti yakaanza kulia ngazini. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Singida, mpole, lakini jambo huliita kwa jina lake. Jioni moja aliniambia, "Mficha uchi hazai, mke wangu. Twende kwa daktari." Nilimnunia mpaka kesho yake. Kisha nikaenda.

Daktari niliyempata katika hospitali moja ya Dar es Salaam alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kiumri. Hakunisema. Aliniuliza nimejaribu nini, nikamweleza: nimeacha wali, nimerudi kwenye wali, nimetembea asubuhi mpaka mbwa wa mtaa wakanizoea, kilo zimepungua, kilo zimerudi na ndugu zao. Akasema uzito unavuruga homoni, na ukipungua huenda siku zangu zikakaa sawa. Alinitajia upasuaji wa kupunguza tumbo, nikakataa palepale. Mimi kisu nakijua cha jikoni tu. Ndipo akanieleza habari ya puto. Nitachomwa sindano ya usingizi, mrija mwembamba wenye kamera utapitishwa kooni, puto litaachwa tumboni na kujazwa maji. Nitashiba kwa chakula kidogo. Baada ya miezi sita litatolewa.

"Ni salama?" nikamuuliza.

"Kwa wengi, ndiyo," akasema. "Lakini siwezi kukuahidi. Wengine wanatapika mpaka tunalitoa kabla ya wakati. Wengine wanapungua sana, wengine kidogo. Na ukirudi kwenye ulaji wa zamani, unene nao unarudi. Puto linakupa nafasi tu, dada. Kazi ni yako."

Kisha akanionya kwamba maji ya puto yametiwa rangi ya bluu. Nikiona mkojo umegeuka rangi, nijue linavuja, nisingoje hata kesho, maana puto likinywea linaweza kuteremka na kuziba utumbo, na hapo kisu nilichokikimbia ndicho kitakachoniokoa. Mwisho akasema, "Na katika miezi hii sita, tafadhali usishike mimba."

Nilicheka mpaka akashangaa. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniomba jambo hilo.

Siku za mwanzo sitaki kuzikumbuka sana. Nilitapika mate, nikatapika nyongo, nikatapika nikidhani nitatoa na puto lenyewe. Mume wangu alinirudisha hospitali nikatundikiwa dripu. Daktari akasema tumbo linapigana na mgeni, litamzoea. Kweli likazoea. Nikaanza na supu, nikaja kwenye uji mwepesi, nikaja kwenye vijiko vya ndizi zilizopondwa. Kila asubuhi nilichungulia mkojo kama mtu anayechungulia shimo la nyoka.

Mama sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba mwili aliokuwa akijivunia nimekwenda kuutilia mpira ili usile? Angelia. Nilijisemea nitamweleza siku mambo yakishakuwa mazuri, nikiwa na mtoto mgongoni. Naye alikuwa amenikumbuka, simu zake zikawa za malalamiko, nikaona nikichelewa zaidi atapanda gari mwenyewe, na ugonjwa wake wa moyo. Nikaenda Kibuta nikiwa bado mnyonge.

Alikuwa amepika wali wa nazi, kisamvu, na samaki mkavu wa kuunga. Nilikula vijiko vichache, nikajisikia nimejaa mpaka hapa kifuani. Harufu ya samaki ikanipanda. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikainama kwenye migomba. Nilipoinuka, mama alikuwa amesimama na kata ya maji. Akaninawisha uso mwenyewe, kama nilivyokuwa mdogo. Hakuniuliza kitu. Uso wake ulikuwa na jambo ambalo sikulielewa, nikafikiri ni jua.

Tangu hapo akabadilika. Nikishika jembe, ananinyang'anya. Nikitaka kuinua ndoo, anamwita mtoto wa jirani. Mchana palitokea msiba nyumba ya tatu, nikachukua kanga niende naye, akasema, "Wewe baki." Mama yangu, mtu wa misiba, aliyenifundisha kwamba asiyekwenda kuzika hatazikwa, leo ananiambia nibaki! Nilidhani ni uzee umemlainisha.

Kesho yake ninaondoka, akanisindikiza mpaka kwenye mkorosho wanapoegesha bodaboda. Akafungua pindo la kanga yake, akanitilia kitu mkononi na kuukunja mkono wangu juu yake. "Utakula ukijisikia," akasema, macho yake yakitazama barabarani. Nilipofungua nikakuta vijiti vya udongo, ule unaouzwa sokoni, ambao wanawake wajawazito huutafuna wakiwa na hamu.

Nilikaa juu ya ile bodaboda mpaka Kisarawe mjini sijui hata tulikopita.

Lazima nieleze hapa, maana asiyelelewa kwetu atasema, si ungemwambia tu? Mama alipoteza mimba kadhaa kabla yangu. Ya kwanza waliitangaza, wakaipongeza, ikatoka. Ya pili vivyo hivyo. Mimba yangu bibi aliijua kwa kuona tu, akampa mama udongo kwenye pindo la kanga, na neno halikutamkwa na mtu yeyote mpaka nilipolia. Ndiyo maana mama aliamini kwamba mimi ni hai kwa sababu watu walinyamaza. Kwake mimba changa haiulizwi, haipongezwi, haitajwi. Jicho la hasidi lina masikio. Naye akinyamaza, mimi nitakanusha nini? Nimwambie "Sina mimba" wakati hakuna aliyesema ninayo? Neno hilo, mbele ya mama yule, ni sawa na kujiapiza.

Nilimweleza mume wangu usiku huo tukila, yeye ugali, mimi supu.

"Mama anadhani una mimba?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi mpigie simu umwambie huna."

"Hajasema ninayo."

Aliweka tonge chini. "Ninyi watu wa Pwani mtatuua," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na miezi ikitimia itakuwaje?"

Na nitasema lililo kweli, anayetaka kunihukumu anihukumu: nilipenda. Mama alianza kupiga simu kila baada ya swala ya Alfajiri. Unalala ubavu upi? Usikae karibu na moshi. Usibebe ndoo. Aliniletea ukwaju, akaniletea maembe mabichi, alimtuma dereva wa pikipiki na mihogo laini ya kuchemsha. Wanawake wenzangu wote nilioolewa nao wakati mmoja walishawahi kutunzwa hivyo, mimi sijawahi. Nilitunzwa kwa ajili ya puto, nikatunzika.

Na puto lilifanya kazi yake. Magauni yakaanza kunipwaya, pete ikawa inateleza. Ngazi za ofisini nikawa nazipanda bila kusimama katikati kujifanya natafuta kitu kwenye pochi. Presha ikashuka. Ofisini walianza kuninong'ona, maana kwetu mtu akikonda hatakiwi heri, anatafutiwa ugonjwa. Mama hakushtuka. "Ya kwanza hukondesha," nilimsikia akimwambia jirani uani safari moja nilipokwenda Kibuta, kwa sauti ya kuficha ambayo ilisikika mpaka barabarani. Na siku zangu zikaja, mwezi ukapita, zikaja tena kwa wakati wake. Nilijifungia chooni ofisini nikalia kwa furaha kwa damu ambayo wanawake wengine huilalamikia.

Miezi sita ikatimia, nikalazwa tena kitandani, nikachomwa sindano, nikalala. Nilipoamka daktari alinionyesha puto kwenye sahani ya chuma, limenywea, limekunjamana, na bluu yake. Machozi yakanitoka. Muuguzi akafikiri koo linaniuma, akasema pole, litapoa. Chini ya mbavu, pale lilipokuwa limekaa, niliona upweke. Najua tumbo halina akili. Lakini hivyo ndivyo nilivyoona.

Nilimaliza wiki ya kupumzika, nikaenda Kibuta. Nilikuwa nimeshaamua. Puto limetoka, siri imekwisha, nitamkalisha mama chini nimwambie kila kitu na tutacheka.

Alikuwa akinisubiri chini ya mkorosho. Kwa hesabu zake, nadhani, alitegemea kumwona mwanawe anashuka kwenye pikipiki kwa shida, ameshika kiuno. Mimi niliruka chini. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima niliruka, na nilikuwa najivunia ule mruko wangu, mpaka nilipomwona anavyonitazama. Alinitazama tumboni. Akanitazama usoni. Akanitazama tena tumboni. Kisha akanipokea mkoba, akatangulia mbele, na mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Shikamoo mama," nilimwambia mgongoni.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Pole."

Chumbani kwake, juu ya kitanda, palikuwa na kapu. Ndani yake palikuwa na kanga kuukuu zilizokatwa vipande vya mraba, zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, laini kama zinavyokuwa kanga zilizofuliwa miaka. Mtu yeyote wa kwetu anajua vipande vile ni winda za mtoto mchanga. Mama aliwahi akatupia shuka juu ya kapu, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Mama," nikaanza. "Nisikilize. Hapakuwa na..."

"Usiseme," akanikatiza. "Hayasemwi, mwanangu. Mimi nayajua. Yamenikuta."

Nilikuwa na mdomo wa kuwajibu vijana wa stendi nzima. Siku hiyo ulinikauka.

Akaenda jikoni. Nilisikia kinu, nikasikia harufu, nikajua. Alikuwa anatwanga pilipili manga. Uji ule mkali hapikiwi mgonjwa wa kawaida. Hupikiwa mwanamke aliyejifungua, au aliyeharibikiwa mimba, ili tumbo lisafike na mwili urudi. Alinikabidhi bakuli kwa mikono miwili. Niliunywa. Ulinichoma kooni palipopita mrija, ukanichoma njia nzima mpaka chini. Tumbo lilikuwa bado halijazoea kuwa peke yake, lakini nilimaliza bakuli, maana mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama kila funda.

Kisha akainua sufuria la maji ya moto. Mwenyewe, na miguu yake iliyokuwa imeanza kuvimba, na pumzi zake fupi. Nikasema, "Mama, acha," akasema, "Lala." Nikalala kwenye mkeka, nikafunua tumbo. Alichovya taulo, akakamua, akalikandamiza chini ya kitovu changu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Hivyo ndivyo wanavyokandwa wazazi waliotoka kujifungua. Maji yalikuwa ya moto mno. Alinikanda huku midomo yake ikisema dua, na mikono yake ikapita pale palipokuwa na mafuta yangu yaliyokwenda, pale alipokuwa akijivunia, na wala hakuniuliza yamekwenda wapi.

Nililia. Sikuigiza. Niliililia miaka yote ile ya kuhesabu siku, nikayalilia majina ya watoto wa wenzangu niliowabebea zawadi, nikaulilia na upweke ule wa chini ya mbavu. Mama naye alilia, machozi yakidondoka juu ya taulo. Tulililia tumbo moja, kila mtu na lake. Alifikiri analia pamoja nami, na sijui kama alikosea sana.

Sikumwambia tena. Mume wangu aliponiuliza kama nimeshamweleza, nilimwambia ndiyo, ameelewa. Aliniangalia, akajua, akaenda kukoka moto.

Tulijaribu, kama daktari alivyosema, baada ya kupumzika. Siku zangu ziliendelea kuja kwa mpangilio, zikaja, zikaja. Ndilo lililoniuma: zilikuwa haziachi. Daktari alisema puto limefanya lililoweza, mengine hayako mikononi mwake. Kilo zikaanza kurudi. Hazikurudi zote, nusu yake hivi, polepole, hasa nyakati za huzuni, maana mimi nikihuzunika nakula na wala sitaki kudanganya mtu. Magoti bado yana nafuu. Presha bado iko chini. Mtu akiniuliza kama puto linafaa, namwambia linafaa kwa kile linachofaa, aende kwa daktari atakayemweleza na ubaya wake, asiende kwa fundi wa mitandaoni.

Mwaka uliofuata moyo wa mama ulichoka. Tulimleta Kibaha, akalazwa, nikawa namwona asubuhi na jioni. Jioni moja, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na mabakuli, alinishika kifundo cha mkono na kunivuta karibu.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" akaniuliza.

Nilijua anamuulizia nani. Miezi yote ile, na mwaka mzima juu yake, mama hakuwahi kulitamka. Sasa alikuwa amelitamka yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza palikuwa na neno la kukanusha. Nilikuwa na nafasi yangu. Ningeweza kusema, mama, hakuwepo mtu, lilikuwa puto. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini yananingoja, kama alivyoningoja chini ya mkorosho.

"Wa kike, mama," nikasema.

Alifumba macho, uso ukalegea. "Nilijua. Nilikuwa nikimwona." Akapumzika kidogo, akitafuta pumzi. "Basi usihangaike naye. Mimi natangulia. Nitakaa naye mpaka uje."

"Ahsante, mama," nikamwambia.

Tulimzika Kibuta. Kapu la vipande vya kanga nililichukua mimi, hakuna aliyeniuliza. Liko kabatini kwangu Tumbi, juu ya magauni makubwa ambayo yameanza tena kunitosha.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha. Palikuwa na muuguzi mgeni, binti mchangamfu, akaniuliza maswali anayomuuliza kila mtu. Umri wangu. Dawa ninazotumia. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Umewahi kushika ujauzito, mama?"

Nikasema hapana. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikalia, maana nilijiona nimemkana mtoto ambaye mama yangu anamlea.